Kuwinda pweza Kua: Mwamba mtupu una sababu ya kuwa mtupu

KILA mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu, bahari inayokizunguka Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, hujitenga na nchi kavu kwa saa chache. Maji ya bamvua hukauka hadi mbali, na miamba iliyofunikwa na mawimbi alfajiri huwa wazi ifikapo saa 4 asubuhi. Hapo ndipo watu hushuka pwani. Kina mama, watoto na wazee huwa na michokoo mikononi, vijana huwa na miwani ya kuzamia, na wote humtafuta mnyama mmoja, yaani pweza.

Swali linalomkabili kila mmoja wao si kama pweza yupo. Yupo. Swali ni wapi pa kwenda ili usiwe mtu wa ishirini kupita juu ya tundu lile lile. Tangu pweza wa pwani yetu aanze kununuliwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya katika miaka ya 1990, miamba iliyo karibu na vijiji imekuwa na watu wengi kuliko ilivyopata kuwa, na mtu anayefika amechelewa hurudi na kikapu chepesi. Ni jambo la kawaida basi kwamba macho huelekea mbali, kwenye mwamba ambao hauna mtu. Makala haya yanaeleza namna ya kuuchagua mwamba huo, na kwa nini uchaguzi wenyewe si mwepesi kama unavyoonekana ukiwa umesimama ufukweni.

Nimetumia neno kuwinda kwa makusudi. Mwenye nyavu huziacha zimfanyie kazi, na mwenye dema hulitega akaenda zake. Mchokoa pweza hana nafasi hiyo. Humfuata mnyama hadi mlangoni kwake, humtambua kwa alama alizoziacha, kisha humkabili kwa silaha fupi ambayo humpa fursa moja au mbili tu kabla pweza hajajibana ndani ya jiwe. Katika hili anafanana zaidi na mwindaji wa gobori kule bara, yule ashindiliaye baruti na risasi kupitia mdomo wa bunduki. Huyo akikosa mara ya kwanza, hadi amalize kushindilia upya mnyama amekwisha kutoweka. Kwa hiyo mwenye gobori hawezi kushindana na umati; humlazimu kutafuta pori ambalo wanyama wake hawajashtushwa asubuhi hiyo. Mwenye mchokoo naye ni vivyo hivyo.

Kua ni jina linalojulikana zaidi kwa magofu yake. Upande wa magharibi wa Juani, yakiwa yameelekea maji tulivu ya Ghuba ya Chole, yamesimama mabaki ya jumba la watawala, misikiti na makaburi ya mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa. Mapokeo ya Mafia yanasimulia kuwa mji huo uliangamizwa na Wasakalava waliovuka bahari kwa mitumbwi kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na wakazi wake wengi wakachukuliwa utumwani. Leo mibuyu na mizizi imeshika kuta, na wageni huletwa kwa mashua kuyatazama.

Kwa mwindaji wa pweza, hata hivyo, lililo muhimu hapo ni umbo la kisiwa chenyewe. Juani ina nyuso mbili zisizofanana. Uso wa magharibi, uliko Kua, umekingwa na upepo. Una mikoko, matope, mchanga na nyasi za baharini, na katikati yake mabaka ya mawe na matumbawe. Uso wa mashariki umekabili Bahari ya Hindi bila kizuizi chochote, na mwamba wake hupigwa na mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali. Kaskazini, kati ya Juani na kisiwa kikuu cha Mafia, upo mlango wa Kinasi ambamo maji ya ghuba huingia na kutoka kwa nguvu. Kusini, mkondo wa Kua umekata kipande cha kisiwa, na mbele zaidi kipo kisiwa cha Jibondo, ambacho watu wake ni mabingwa wa kuunda vyombo na wawindaji wa pweza wanaoheshimika pwani nzima.

Kabla ya kuchagua mahali yafaa kumjua anayetafutwa. Pweza anayepatikana zaidi katika miamba hii ni yule ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea. Tofauti na jamaa zake wengi, huyu huwinda mchana, hasa asubuhi na jioni, na hurejea katika tundu lake kula na kupumzika. Mlangoni huacha ushahidi: magamba ya kaa, vipande vya simbi, na mawe madogo aliyoyavuta ili kujizibia. Mchanga wa mbele ya tundu linalokaliwa huwa umesafishwa. Tundu lililohamwa huwa na mchanga ulioingia ndani na majani ya bahari yaliyoanza kuota. Mzoefu husoma yote hayo akitembea, bila kuinama.

Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba matundu mazuri hayatawanyiki ovyo. Jiwe lenye mlango mwembamba na nafasi pana ndani likiachwa wazi leo, pweza mwingine atalipata baada ya siku chache au majuma machache. Ndiyo maana wachokozi wa pweza wenye umri huwa na ramani kichwani, nao huzungukia matundu yale yale kama mkulima azungukiavyo minazi yake, na ramani hiyo hurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Sasa tuone umati unavyoiharibu. Watu kumi wa kwanza kuufikia mwamba wa karibu wataangalia karibu matundu yote yanayojulikana katika nusu saa. Wa kumi na moja hupita juu ya matundu ambayo tayari yamechokolewa, na pweza walionusurika wamejikunja hadi ndani kabisa. Hapo ndipo subira inapokwisha na mawe huanza kupinduliwa. Jiwe lililopinduliwa likaachwa chali ni nyumba iliyobomolewa. Viumbe vilivyoota upande wa chini hufa kwa jua, na pweza wa bamvua ijayo hana pa kuingia. Miguu mingi pia huvunja matumbawe, na matumbawe ya Mafia hayana ziada ya kuchezea tangu yalipopauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida.

Kuuacha mwamba wa karibu ni uamuzi wa busara, basi. Lakini ukitazama upande mwingine ukaona mwamba mpana usio na mtu hata mmoja, swali la kwanza liwe: kwa nini hayupo? Watu wa Juani na Jibondo wanaijua bahari yao kwa vizazi vingi. Mwamba ulio mtupu mbele yao una sababu ya kuwa hivyo, na sababu hizo hazina uzito sawa.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni kwamba hapana pweza. Uwanda wa mchanga na nyasi za baharini huonekana mzuri kwa mbali, hasa upande wa ndani wa ghuba, ila pweza anahitaji tundu gumu na kaa wa kula. Mahali penye kokoto za matumbawe yaliyokufa, yaliyosagika na yasiyo na mashimo, ni hivyo hivyo. Mtu aweza kutembea saa nzima akapata chaza na kome tu. Dalili ya kutazama ni mchanganyiko: mawe makubwa yaliyosimama juu ya mchanga, vidimbwi visivyokauka, na kingo za mwamba mahali unapoanza kuteremkia kwenye kina. Kingo hizo ndizo hulipa zaidi, kwa kuwa pweza huingia na kutoka kina kirefu kupitia hapo.

Sababu ya pili ni upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba kusi huvuma, na uso wa mashariki wa Juani hugeuka kuwa mahali pa hatari hata maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa sababu wimbi moja kubwa hutosha kumwangusha mtu juu ya mawe makali. Katika miezi hiyo karibu kila mtu hujibana upande wa ghuba, na hapo ndipo msongamano wa Kua huwa mkubwa. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi, mambo hulegea kiasi. Lakini wakati ulio bora wa kwenda mashariki ni ule wa maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari kulala kama mafuta. Mwamba wa mashariki uliopumzishwa na kusi kwa miezi mitano huwa na pweza wakubwa, na wa kwanza kuufikia hupata malipo ya subira yao. Wa kwanza, nasema. Habari husafiri haraka kati ya Juani, Chole na Jibondo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoua watu, nayo ni njia ya kurudi. Mwamba wa mbali mara nyingi hutenganishwa na ufuko na mfereji au bonde la chini ambalo wakati wa kwenda maji yake hufika magotini. Mwindaji akiwa ameinamia tundu kwenye ukingo wa nje, maji huanza kujaa, na mfereji ulio nyuma yake hujaa kwanza. Yeye bado amesimama pakavu na hana habari.

Hesabu ya jambo hili inafaa kila anayekwenda mbali aijue. Katika bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika eneo la Mafia huzidi mita 3, na safari hiyo huchukua zaidi kidogo ya saa 6. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tukichukua mita 3 kamili, saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kiasi cha sentimita 25 tu, na mtu hudhani bahari imelala. Saa ya pili hupanda sentimita 50. Saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 75 kila moja. Kwa maneno mengine, mfereji uliokuwa wa magotini wakati wa kupwa hufika kiunoni au kupita baada ya saa mbili, na baada ya saa tatu hauvukiki kwa miguu, tena mkondo wake umeshapata nguvu. Aliyechagua mwamba wa mbali kwa hiyo hana saa nne za kuwinda kama mwenzake wa karibu. Ana saa moja kabla ya maji kukauka kabisa na chini ya saa moja baadaye, na mwendo wa kurudi uhesabiwe ndani ya muda huo.

Bahati njema ya pwani yetu ni kwamba bamvua haifichi saa yake. Katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hukauka kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tena usiku kwa saa kama hizo. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na miamba mingi haitoki kabisa. Mtu asiye na jedwali la maji anaweza kuhesabu kwa mwezi tu, kama wazee walivyofanya.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu huzungumzwa kidogo mno: msongamano ni suala la wakati kama lilivyo la mahali. Mwamba wa Kua uliojaa watu siku ya bamvua kubwa huwa na wachache siku ya kwanza, maji yanapoanza tu kutoa kichwa cha jiwe, na wachache tena siku ya mwisho. Siku ya kwanza ina faida ya pekee. Matundu hayajaguswa tangu bamvua iliyopita, takriban siku kumi zilizotangulia, na ingawa eneo lililo wazi ni dogo, kila jiwe ni jipya. Anayeshuka siku hiyo hulazimika kulowa hadi mapajani na kufanya kazi kwa saa moja tu. Lakini hana haja ya kwenda mashariki, wala ya kuvuka mfereji wowote. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni au mzee ambaye magoti yamechoka, kubadili siku ni salama kuliko kubadili mwamba.

Sababu ya nne ya mwamba kuwa mtupu ni sheria. Maji ya Kua, Juani, Chole na Jibondo yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina ukubwa wa kilometa za mraba 822, ikijumuisha nchi kavu na bahari. Eneo hilo limegawanywa katika kanda. Ipo kanda ya ulinzi kamili, ambamo hakuna kuvua kwa namna yoyote, hata kwa mchokoo. Ipo kanda ya matumizi maalumu, ambamo wakazi wa vijiji vya hifadhi huruhusiwa kuvua kwa zana zilizokubaliwa. Na ipo kanda ya matumizi ya jumla, ambamo wasio wakazi nao huweza kuvua wakiwa na kibali.

Baharini hakuna ukuta unaoonyesha kanda moja inapoishia. Mwindaji anayefuata ukingo wa mwamba akiwa ameinama aweza kujikuta mahali pasiporuhusiwa bila kukusudia, na utupu wa mahali hapo ndio ulimvuta. Kuuliza katika ofisi ya kijiji au kwa askari wa hifadhi kabla ya kushuka hakugharimu kitu. Aidha, wale wanaokuja kupiga dago kutoka vijiji vya mbali wanapaswa kujua kwamba ukaaji wao hautokani na ruhusa ya upepo peke yake. Kibali huhitajika, na magofu ya Kua ni mali ya kale inayolindwa kisheria. Kuta zake si mahali pa kukaushia pweza wala pa kuchukulia mawe ya mafiga.

Zana nazo zina mipaka yake. Mchokoo wa mti au wa nondo hauna ugomvi na mtu. Bunduki ya mshale, sumu kama utupa, baruti na mitungi ya gesi ya kuzamia vimepigwa marufuku. Vilevile Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Huyo hukaa vizuri katika viganja viwili, na asiye na mizani hujifunza kumkadiria kwa mkono.

Ipo sababu ya tano, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Baadhi ya miamba ni mitupu kwa sababu haifikiki kwa miguu, na mpaka miaka ya karibuni hapakuwa na mtu aliyesumbuka kuifikia. Hiyo ni miteremko ya nje ya mwamba na vilima vya chini ya maji ambavyo havikauki hata kwa bamvua kubwa. Kwa mchokozi wa miguu haina faida. Kwa kijana mwenye miwani, mapezi ya miguuni na nafasi katika mashua, ni ghala lililofunguliwa.

Umuhimu wa ghala hilo unaeleweka ukiyatazama maisha ya pweza yalivyo mafupi. Haishi sana kupita mwaka mmoja hivi. Hukua haraka mno, na ndani ya miezi michache uzito wake huongezeka mara nyingi. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, mayai laki kadhaa, ndani ya tundu alilolichagua, mara nyingi mahali pa kina. Kisha hukaa kuyalinda na kuyapepea kwa kiasi cha mwezi mmoja bila kula, na yakianguliwa hufa. Watoto, wadogo kama punje, huchukuliwa na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kutua juu ya mwamba, labda ule walikotoka, labda mwingine ulio mbali kaskazini. Pweza wanaochokolewa mbele ya magofu ya Kua wengi wao ni wachanga waliotua na kukua kwa miezi michache. Mama zao hawakuwa hapo. Walikuwa kwenye kina, mahali pasipo na watu.

Mwaka 2002 watafiti Martin Guard na Yunus Mgaya walichapisha matokeo ya uchunguzi wa uvuvi wa pweza katika sehemu tatu za pwani ya Tanzania, ambazo ni Tanga, Mafia na Mtwara. Pweza wa Mafia walikuwa wakubwa kuliko wa sehemu nyingine mbili. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Mahali ambapo uvuvi umebanana juu ya miamba ya kupwa na kujaa, pweza huchukuliwa kabla hajapata muda wa kukua. Na utafiti uliofanywa kusini magharibi mwa Madagaska umeonyesha kuwa majike wengi huwa hawajakomaa hata wanapofikia kilo 1, yaani mara mbili ya uzito ambao sheria yetu inauruhusu.

Kwa hiyo mwindaji anayekimbia msongamano kwa kwenda kina kirefu huweza kupata pweza mmoja mwenye uzito wa watatu, na kwa siku hiyo amefanya biashara nzuri. Ila jike akichukuliwa juu ya mayai, mayai hayo hayana wa kuyalinda, na mkunga na samaki huyamaliza kwa muda mfupi. Anayeona hasara hiyo kwanza si mzamiaji. Ni mwanamke wa kijijini anayeshuka kwa miguu miezi kadhaa baadaye na kukuta matundu yake ya urithi hayana mpangaji. Yeye hana mashua. Hana mwamba mwingine wa kuhamia. Zamani uchokozi wa pweza ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake na watoto, na fedha yake ilikuwa yao. Bei ilipopanda wanaume wakaingia kwa kuzamia, na sehemu iliyobaki kwa wanawake ikawa ile ile nyembamba iliyojaa watu. Anapoambiwa atafute mahali pasipo na msongamano, huyo anaambiwa jambo asiloliweza.

Alama za jike anayeatamia zinajulikana kwa wazamiaji wazoefu. Mlango wa tundu huwa umezibwa kwa mawe zaidi ya kawaida, hakuna magamba mapya ya kaa nje kwa sababu hali, na akiguswa hatoki kushambulia bali hujibana. Mashada ya mayai huning'inia kutoka darini kama punje nyeupe. Mwili wake umekwisha kupungua, nyama yake ni laini isiyo na thamani kubwa. Kumwacha ni hasara ndogo kwa mfuko na ni faida kubwa kwa mwamba.

Iko njia nyingine ya kutengeneza mwamba usio na watu, nayo ni kuufunga kwa makubaliano. Kwa namna ya ajabu ilitoka Madagaska, kule kule walikotoka Wasakalava walioivunja Kua. Novemba 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa kisiwa hicho, kilikubali kuufunga mwamba mmoja kwa pweza kwa miezi saba huku mingine ikiendelea kuvuliwa. Ulipofunguliwa mwaka uliofuata, pweza walikuwa wakubwa kiasi cha kuvifanya vijiji jirani kuiga. Wazo hilo limevuka bahari hadi kwetu, na Kisiwa Panza huko Pemba ni miongoni mwa jamii za Wazanzibari zilizolifuata.

Hesabu yake ni ile ile ya kukua haraka. Pweza wa nusu kilo akiachwa miezi miwili au mitatu si wa nusu kilo tena, na wakati wa kusubiri watu huendelea kula kutoka miamba mingine. Linalohitajika ni mwamba wenye mipaka inayoonekana kwa macho, ulio karibu kiasi cha kulindwa na wanakijiji wenyewe, na usiokuwa tegemeo pekee la wale wanaotembea kwa miguu. Kama utafungwa mwamba wa wanawake na kuachwa ule wa mashua, mzigo umebebeshwa waliokuwa tayari na mzigo.

Siku ya kufungua ndiyo yenye mtihani. Hakuna bamvua yenye watu wengi kama hiyo. Wanakuja hata wasiochokoa mwaka mzima, na wakati mwingine kutoka vijiji ambavyo havikushiriki kusubiri. Mawe hupinduliwa, wadogo huchukuliwa pamoja na wakubwa, na faida ya miezi mitatu huisha kabla ya adhuhuri. Palipo na utaratibu, saa ya kushuka hutangazwa, mizani huwekwa ufukweni, wasio wakazi huzuiwa, na wanunuzi hutakiwa kukataa walio chini ya uzito.

Mwindaji wa Kua mwenye akili ya gobori huenda asishuke kabisa siku hiyo. Atangoja umati utawanyike, maji mafu yapite, kisha atarudi siku ya kwanza ya bamvua inayofuata, jiwe la kwanza linapotoa kichwa. Wakati huo kina kitakuwa kimeshatuma wapangaji wapya kwenye matundu yaliyoachwa wazi, na mtu atakayekutana naye juu ya mwamba huenda ni mmoja tu, bibi wa makamo mwenye mchokoo mfupi, aliyefika kabla yake.